Je, mapatano yanaweza kufuta kesi? Mfano wa India

Watu wawili wakipatana, kesi yao iliyo mahakamani inakuwaje? Swali hili linawagusa wazee na viongozi wote wanaosuluhisha magomvi. Tutazame India, ambako majaji wamelijibu waziwazi.

Huko, mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai anaweza kuiomba Mahakama Kuu ifute mashitaka kabla ya hukumu. Uwezo huo ulikuwa katika kifungu cha 482 cha sheria ya mwaka 1973. Tangu tarehe 1 Julai 2024 umo katika kifungu cha 528 cha sheria mpya. Shabaha yake ni kuzuia sheria isitumiwe vibaya na kulinda haki.

Mwaka 1990, katika kesi ya Bhajan Lal, Mahakama ya Juu ya India ilitaja aina saba za kesi zinazoweza kufutwa. Tutaje mbili:

1. Mashitaka ambayo, hata yakiaminiwa yote, hayaonyeshi kosa lolote.
2. Mashitaka yaliyoletwa kwa chuki ili kulipiza kisasi.

Majaji walionya kwamba uwezo huu utumiwe mara chache sana.

Na mapatano je? Mwaka 2012, katika kesi ya Gian Singh, mahakama hiyo ilisema kwamba kesi zitokanazo na magomvi ya ndoa, biashara au fedha zinaweza kufutwa pande zote zikipatana kweli. Lakini kesi za mauaji na ubakaji hazifutwi, hata familia zikipatana, kwa sababu makosa hayo yanaumiza jamii nzima.

Katika jimbo la Rajasthan, baba wa msichana alipatana na mwalimu aliyeshitakiwa kumdhulumu binti huyo kingono, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikafuta kesi. Watu wasio wa familia walikata rufaa. Novemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha kesi hiyo.

Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 nayo hairuhusu kesi ya jeuri ya ngono kumalizwa kwa kulipa faini ya mapatano.

Viongozi wapendwa, endeleeni kupatanisha watu wanaogombania deni au mpaka wa shamba. Lakini mtoto akibakwa, mbuzi na pesa wanazopewa wazazi si amani. Msindikizeni kwa daktari, kisha mahakamani.