Feza iliyoliwa na wadanganyifu: inaweza kurudi?



Karibu kila mukutano tunaofanya kiisha mavuno, swali moja linarudi. Mutu ameuza kawa ao maharagi, amepeleka feza kwa mwenyi kuahidi kwamba itazaa mara mbili kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza alilipwa kidogo, akafurahi, akaita na shemeji. Leo biro imefungwa, telefone haipite. Anauliza: «Tutapata feza yetu?»

Jibu letu ni hili. Mara ingine ndiyo, lakini mara chache yote, na ile faida iliyoahidiwa haitarudi hata siku moja, kwa sababu haikuwako. Kitu kinachoamua si ukubwa wa haki yako. Ni wapi feza iko leo, karatasi gani unashika mukononi, na siku ngapi zimepita.

Wazee wanakumbuka Bindo, kule Kinshasa, mwaka 1991. Watu walipeleka feza wakiahidiwa kwamba itaongezeka mara nyingi kwa muda mufupi. Wa kwanza walilipwa kweli, na hiyo njo iliyovuta wengine: waalimu, askari, wauzaji wa soko. Lakini hakukuwa shamba wala mashini ya kuzaa ile feza. Wa kwanza walilipwa na feza ya waliokuja nyuma yao. Wakati wapya walipopunguka, kila kitu kilianguka, na watu wengi walibaki na karatasi tu.

Tuangalie vizuri jambo hilo, kwa maana watu wengi wanazania kama feza imefichwa mahali fulani, ndani ya sanduku, na kazi ni kutafuta sanduku tu. Hapana. Katika mipango ya namna hii feza inatoka siku ile ile inapoingia. Sehemu moja inalipa wale wa mbele. Ingine inalipa biro, motokari na nguo nzuri za kuvuta watu. Ingine mukubwa anajengea nyumba ya jina la bibi yake. Siku ya kuanguka, kinachobaki ni kidogo sana.

Tena wakati wenyewe unakula. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mupya moja kwa zaire ya zamani milioni tatu. Mwaka 1998 franga ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mupya 100.000. Mutu aliyekuwa na deni ya zaire za 1991, hata angelipwa hesabu yake yote miaka saba nyuma, asingenunua hata kiberiti. Njo maana, unapoandika mashitaki, andika tarehe uliyotoa feza na bei yake katika dola siku ile.

Kuna mahali feza ilirudi kwa wingi, na ni vizuri kujua ni kwa nini. Kule Marekani, Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008. Makaratasi aliyotuma kwa wateja yalionyesha kama wako na dola karibu bilioni 65. Lakini feza ya kweli, ile waliyoweka na wakakosa, ilikuwa zaidi ya bilioni 17. Zile zingine zilikuwa wino tu. Tribinali iliweka mutu wa kukusanya mali, na kwa miaka mingi amekusanya zaidi ya bilioni 14. Alizipata wapi? Si kwa Madoff sana. Alizipata kwa wale waliotoa kuliko waliyoweka. Familia ya tajiri mumoja, Picower, ilirudisha dola bilioni 7,2 kwa mara moja.

Mambo mawili yanatuhusu hapa. Kwanza, kila mutu alihesabiwa mutaji wake, si faida aliyoahidiwa. Pili, aliyepata faida aliombwa kurudisha, hata kama hakujua uongo. Na yote iliwezekana kwa sababu feza ilipita ndani ya banki, kila dola na alama yake. Kwetu feza inapita mukono kwa mukono, chini ya muti, bila sahihi. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko tofauti ya utajiri.

Tuseme mudanganyifu amekusanya dola 20.000 kwa watu 50. Wa kwanza walilipwa 9.000, yeye amekula 8.000, na kumebaki parseli moja na pikipiki mbili vya bei ya 3.000. Mama aliyeweka 400 na hakupata kitu anadai 400. Baba aliyeweka 400 na akarudishiwa 150 anadai 250. Yule aliyeweka 400 akapokea 700 hana cha kudai, na wengine wanaweza kumuuliza ile 300 ya juu. Kama wale wanaodai wote pamoja wanadai 12.000, na kunauzwa vitu vya 3.000, kila mumoja anapata robo: mama anapata 100. Ni uchungu, lakini ni hesabu ya kweli. Anayekuambia kwamba utapata yote na faida juu yake, umuogope.

Sasa, sheria ya Kongo inasema nini? Kudanganya mutu kwa jina la uongo ao kwa kazi isiyokuwako ili akupe feza inaitwa «escroquerie». Ni kipengele cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa: miezi mitatu mpaka miaka mitano ya gereza, na amende. Kama mutu alipewa feza kwa kazi fulani, akaigeuza kwa mambo yake, ni «abus de confiance», kipengele cha 95. Lakini jirani aliyekopa kwako na mihogo yake ikaoza hana kosa la kufungwa. Hiyo ni deni tu, na inafuatwa kwa njia ya deni. Tunalisema kwa sababu watu wengi wanakimbilia polisi kwa deni ya kawaida, na mwisho feza inaishia kwa watu wa buloko.

Mashitaki yanapelekwa kwa OPJ ao kwa parke, na kesi ya escroquerie inasikiwa na tribinali ya amani. Hapo kuna jambo watu wanasahau. Gereza hailipe deni. Kama parke inashitaki na wewe umenyamaza, mutu anaweza kufungwa na wewe ukarudi nyumbani mikono mitupu. Inafaa ujiandikishe kama «partie civile», ni kusema kwamba unadai feza yako ndani ya kesi ile ile. Tena, bila kungoja hukumu, unaweza kuomba tribinali ifunge mali ya mudanganyifu ili asiiuze: inaitwa «saisie conservatoire», iko ndani ya sheria za OHADA ambazo Kongo inafuata tangu Septemba 2012. Kwa maoni yetu hiyo njo hatua ya maana kuliko zote. Kesi inaweza kuchukua mwaka ao zaidi, pikipiki inauzwa kwa saa moja. Kwa hiyo siku ya kwanza musipoteze nguvu kwa kupiga kelele mbele ya biro. Mutume vijana wawili wenyi akili waandike: parseli iko wapi, ya jina la nani, motokari ya plaki gani, duka gani.

Muende pamoja. Watu 30 na avoka mumoja wanalipa kidogo kila mumoja, na parke inasikia watu 30 kuliko inavyosikia mumoja. Mutu asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba karatasi ya umasikini, «attestation d'indigence», ili asaidiwe kwa feza za tribinali. Na mujue mapema: hata kiisha kushinda, kuna haki ya serikali ya kulipa juu ya feza mutakayohukumiwa, na kuna mufanyakazi wa tribinali wa kulipa ili aende kukamata mali. Muulize avoka bei ya yote hayo mbele ya kuanza. Kama mudanganyifu hana kitu hata kidogo, kesi inaweza kula zaidi ya inavyoleta, na avoka mwema atawaambia hivyo.

Kuhusu ushuhuda: feza iliyopita kwa telefone ina bahati kidogo. Usifute ujumbe. Namba ya operesheni, saa, jina lililotokea, vyote ni ushuhuda. Ukigundua uongo siku ile ile, piga simu kwa kampuni ya telefone mara moja na ulombe wafunge. Kama feza haijatolewa bado, inaweza kuzuiwa. Kwa feza ya mukono, tafuta mashahidi, kila mumoja aandike alichoona wakati bado anakumbuka.

Na kama feza ilikuwa ya koperative? Hapo kuna mulango mwingine. Sheria ya OHADA ya koperative, ya Desemba 2010, inasema viongozi wanajibu kwa makosa ya usimamizi wao na kwa kuvunja kanuni. Kama komite ilitoa akiba ya wanamemba kwa mupango wa namna hiyo bila mukutano mukubwa kukubali, wanamemba wanaweza kuwadai viongozi wenyewe. Tunajua ni vigumu. Prezida ni mjomba wa mutu, mutunza-feza ni jirani wa kanisa, na mara nyingi nao wamepoteza feza yao mulemule. Lakini kitabu cha mikutano kifunguliwe, kisomwe mbele ya wote: nani aliamua, tarehe gani, nani alikataa. Pahali ambapo hakuna maandishi, lawama inaanguka kwa asiyekuwako.

Watu wanatuambia pia: «Lakini walikuwa na makaratasi ya serikali!» Ndiyo, labda walikuwa na namba ya RCCM na namba ya kodi. Hizo zinasema tu kwamba ni biashara iliyoandikishwa, sawa duka la sabuni. Kupokea akiba za watu kunahitaji ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo, ile «agrément». Banki, koperative ya akiba na mikopo, nyumba ya microfinance, zote zinahitaji hiyo. Nyumba yenyi agrément ikianguka, hakuna ahadi ya kupata yote, lakini kuna mutu wa kuweka hesabu na daftari ya kufuata. Muende kujiandikisha kwake na kitabu chenu cha akiba bila kuchelewa.

Mara nyingi mudanganyifu, akiona parke inakaribia, anatuma wazee wa kusuluhisha. Musikatae bure, maana nusu ya leo ni bora kuliko yote ya kesho isiyofika. Lakini iandikwe: kiasi, tarehe za kulipa, mashahidi, sahihi ya chefu wa mahali. Musiondoe mashitaki kwa ahadi, muondoe kwa feza iliyohesabiwa. Na mutu asitie sahihi kwamba amelipwa yote wakati amepokea sehemu.

Kuna mwizi wa pili anayekuja nyuma ya wa kwanza. Anapiga simu, anajua jina lako na kiasi ulichopoteza, kwa maana listi ya waliodanganywa inauzwa ao ni mwizi yule yule na sauti ingine. Anasema yeye ni wa banki, wa ministere, wa tribinali ya Kinshasa, feza yako imepatikana, tuma dola 50 za kufungua dosie. Kiisha 50, ni 80 za muhuri. Tribinali haitumie namba ya telefone ya mutu binafsi kupokea feza yake, inatoa risiti yenyi muhuri. Ukipokea simu ya namna hiyo, andika namba, usijibu kitu, na uipeleke kwa OPJ anayeshika dosie yenu.