Nguruwe akiwa na homa, tumpe parasetamoli?

Swali hili linarudi kila mara katika mikutano yetu. Tunaelewa linatoka wapi. Kidonge kiko nyumbani, veterineri yuko mbali, na nguruwe huyo ndiye minervali ya mtoto.

Nguruwe mzima ana joto la karibu digri 39. Akishikwa na homa kubwa ya nguruwe, ile wengi wanaiita pesti, joto linapanda kupita 41, anakataa chakula, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu. Huo ni ugonjwa wa kirusi, na dawa ya kukiua haipo. Parasetamoli inashusha joto tu. Kirusi kinaendelea kuzaana katika damu, kinatoka kwa mate, mkojo na mavi.

Hatari kubwa iko hapo. Joto likishuka siku moja, nguruwe anasimama, anaonja chakula, nasi tunasema amepona. Tunampeleka sokoni, au jirani anaazima dume letu. Baada ya wiki mbili mtaa mzima unalia. Ugonjwa huu haushiki watu, ni kweli, lakini kirusi kinakaa ndani ya nyama kwa muda mrefu, hata iliyokaushwa kwa moshi. Maji tuliyooshea nyama hiyo yakimwagwa bandani, yameshaambukiza.

Tena homa yenyewe ni silaha ya mwili. Watafiti waliwapa dawa ya kushusha homa sungura wenye kirusi cha sotoka; walikufa wengi kuliko wale walioachwa na homa yao.

Hatusemi kila homa iachwe. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa midomo na kwato, veterineri anaweza kumchoma sindano ya kupunguza maumivu ili ale na anywe. Lakini yeye anajua ugonjwa na anapima dawa kwa kilo za mnyama. Paka, usimpe parasetamoli kamwe: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kwa hiyo nguruwe akishikwa na homa, mtenge siku hiyo hiyo, usimuuze, usimchinje, ita veterineri. Mabaki ya jikoni yachemke nusu saa kabla ya kuwapa. Aliyekufa azikwe kwenye shimo refu, asitupwe mtoni. Na viatu vya bandani vibaki bandani, kwa sababu kirusi kinasafiri na matope mpaka kwa jirani.