Kigari cha Watoto Wawili: Hesabu Miezi Kabla ya Kuhesabu Pesa



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Binti yao, au mke wa ndugu yao, anaishi Nairobi pande za Kangemi, Kawangware au Uthiru. Ana mtoto mmoja anayetembea-tembea na wa pili yuko njiani. Kikundi kimechanga pesa za zawadi, na sasa kuna mtu ameona mjini kigari cha mtoto ambacho leo ni cha kiti kimoja, kesho unakipachika kiti cha pili kinakuwa cha watoto wawili. Je, tununue?

Pesa hizo si kidogo. Kigari cha aina hiyo, hata cha mtumba, kinaweza kumeza zamu nzima ya chama. Kwa hiyo tumelichambua swali hili polepole, na tunaanza na watoto wenyewe, si na kigari.

Mtoto mchanga hawezi kukaa. Shingo yake haijakaza. Akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, kichwa huanguka mbele, kidevu kinagusa kifua na pumzi inabanwa. Mpaka afikishe kama miezi 6 anahitaji kulala chali, sawasawa. Sasa viti vya pili vya vigari vingi vya kubadilika, hasa kile kinachowekwa chini, havilali hivyo. Vinainama kidogo tu.

Tazameni kadi ya kliniki. Baada ya ile chanjo ya kuzaliwa, mama anarudi wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Hizo ndizo safari zinazomchosha zaidi, mchanga mkononi na mkubwa analia abebwe. Na hizo ndizo safari ambazo mdogo bado hawezi kukalia kiti cha pili! Wakati shida ni kubwa kuliko wakati wowote, kumbe leso ndiyo inayofanya kazi. Mdogo anafungwa kifuani, uso wake ukionekana na kidevu kikiwa kimeinuka, na mkubwa anakaa kwenye kigari cha kawaida cha kiti kimoja.

Basi tuhesabu miezi. Tuseme watoto wamepishana miaka 2. Mdogo akifika miezi 6, mkubwa ana miaka 2 na nusu. Akifika miaka 3 hivi, mtoto mzima wa afya anataka kutembea mwenyewe, labda safari ikiwa ndefu sana. Kwa hiyo kiti cha pili kitatumika kama miezi 6, tukizidisha mwaka mmoja. Wakiwa wamepishana mwaka 1 na miezi 3, mdogo anapoanza kukaa mkubwa ana mwaka 1 na miezi 9. Hapo kuna mwaka mzima na zaidi wa matumizi, na mama kweli atashukuru. Wakiwa wamepishana karibu miaka 3, hakuna kazi ya kiti cha pili. (Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa hesabu hiyo watoto hupishana karibu miaka 3. Lakini mambo ya kupanga uzazi kwa njia ya asili tunayazungumza kwenye semina za ndoa, tusiyamalizie hapa.)

Mapacha ni habari nyingine kabisa. Wao wanahitaji nafasi mbili tangu siku ya kwanza, tena zote mbili za kulala. Kwao msinunue cha kubadilika. Nunueni cha viti viwili moja kwa moja.

Tukishajua miezi, tuangalie njia. Anayeona kigari hiki kikisukumwa Kenyatta Avenue au Wabera Street, ambako njia za miguu zilitengenezwa upya kuanzia 2020, ataona ni kitu cha raha. Avuke aende Tom Mboya Street au River Road saa kumi na moja jioni, kati ya wachuuzi, mikokoteni na watu wanaokimbilia matatu, na raha imekwisha. Halafu afike nyumbani, kwenye kijia cha udongo mwekundu kilichonyeshewa. Magurudumu madogo magumu ya plastiki huzama hapo. Kwa vijia vya Kangemi na Kawangware tafuteni magurudumu makubwa, ya kujazwa upepo. Yakiwa ya inchi 12 ni heri, kwa sababu tyubu yake ni kama ya baiskeli ndogo ya watoto na fundi wa baiskeli yeyote ataiziba.

Uzito nao. Kigari cha viti viwili chenyewe huwa kama kilo 12 hadi 15. Ongeza mkubwa wa kilo 13 na mdogo wa kilo 7 au 8, mama anasukuma kilo 35, zaidi ya theluthi moja ya gunia la mahindi, kupanda mlima. Halafu matatu namba 46 inafika. Anatakiwa ashushe watoto wawili, avue kiti cha pili, akunje fremu, aiinue, huku makanga anagonga bodi na kumdai nauli ya mzigo. Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, alimwonea huruma binti yake aliyehangaika na kigari kizito safarini, akabuni cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli, kisichofika kilo 3. Kwa mama wa matatu, sisi tunaona wazo la mzee huyo bado halijapitwa: kigari chepesi cha kiti kimoja pamoja na leso mbili imara.

Na mlango? Nyumba nyingi za ploti zina mlango mwembamba. Vigari ambavyo watoto hukaa bega kwa bega huwa na upana wa karibu sentimita 75, na hukwama. Vile vya mmoja mbele, mwingine nyuma hupita kama kigari cha kawaida, ila ni virefu na vigumu kugeuza kwenye korido. Binti apime mlango wake kwa futi, apime pia pale kigari kitakapolala usiku, maana kikiachwa nje hakitaonekana asubuhi.

Ikiwa baada ya hayo yote mnaona bado kinafaa, nendeni sokoni. Maduka ya vitu vya watoto yako mengi Biashara Street katikati ya jiji. Mtumba uko Gikomba. Hapa ndipo wengi huumia. Muuzaji anakuonyesha fremu, anakwambia, "Mama, hii inageuka ya wawili." Ni kweli inageuka, kama una kiti cha pili! Viti hivyo huko kwao huuzwa mbali na kigari, na mara nyingi kigari hufika Kenya bila hicho kiti, au kiti kimefika bila vile vifungo viwili vya plastiki, cha kulia na cha kushoto, vinavyokishika kwenye fremu. Vifungo vya kigari kingine havitaingia. Kuvifunga kwa waya ni kumhatarisha mtoto. Usilipe mpaka umekiona kiti cha pili kimepachikwa mbele ya macho yako, kila mkanda umefungwa, na mkungʼuto wako haukukilegeza.

Angalieni pia breki, kwenye mteremko. Kunjeni na kukunjua mara tatu, mkitazama bawaba: mwaka 2009 huko Marekani vigari vipatavyo milioni moja viliitishwa virekebishwe kwa sababu bawaba zilikata ncha za vidole vya watoto. Wakati wa kukunja au kukunjua, watoto wawe mbali. Kuna lebo iliyoandikwa EN 1888? Hiyo ni kanuni ya Ulaya ya usalama wa vigari, na karibu nayo huandikwa kilo ambazo kiti kinabeba. Vingi ni mwisho kilo 15. Kisha bebeni sumaku ndogo. Ikinata, fremu ni ya chuma, na fundi wa jua kali ataichomelea ikivunjika. Isiponata ni alumini: nyepesi, lakini mafundi wengi wa mtaani hawaiwezi, kwa hiyo alumini yenye ufa msiiguse.

Mambo mawili ya kumwambia mama mwenyewe. Asitundike mifuko ya viazi kwenye mpini, maana mkubwa akiruka chini kigari kitapinduka na mdogo akiwa ndani. Na jua likiwa kali asifunike kigari chote kwa leso, hata nyepesi. Hewa haipiti, ndani kunakuwa kama jiko.

Kuna kikundi kitakachosema, mbona kazi yote hii kwa kiti cha miezi 6? Hapo ndipo nguvu ya kikundi inapoonekana. Kigari kiwe mali ya kikundi, si zawadi ya mtu mmoja. Kiandikwe kwenye daftari. Binti wa kwanza akitumie mpaka mkubwa wake atembee, akirudishe kimeoshwa na kuanikwa, kiende kwa mwingine, awe Uthiru au nyumbani kijijini. Anayekichukua aweke amana kidogo ya kutengenezea. Na vile vifungo viwili vya kiti cha pili vishonewe mfuko wa kitambaa, ufungwe kwenye fremu kila kiti kinapovuliwa, katibu avihesabu kila kigari kinapobadilisha mikono.