Aliyekulea kazini ndiye anayesikika unapomwongoza mwingine

Ukipandishwa cheo na kukabidhiwa vijana wa kuwaongoza, utawaelekeza namna ulivyoelekezwa. Wengi hatulifikirii hili, tunaona tu kwamba "ndivyo kazi inavyofanyika".

Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, kuandaa viongozi ni kazi ya siku nyingi. Mwaka 1953 Waingereza walianzisha pale shule ya serikali za mitaa kwa ajili ya machifu, madiwani na watumishi. Mwaka 1972 ikawa IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe.

Lakini muulize mwanafunzi yeyote aliyerudi fildi. Darasani alipewa sheria na taratibu. Jinsi ya kukaa na mwananchi mwenye hasira aliiona kwa mtu mmoja pale halmashauri. Huyo ndiye mlezi wake wa kwanza kazini.

Mlezi na kocha si kitu kimoja

Mlezi anakugawia uzoefu wake: "Mimi nilipita hapa, nikafanya hivi." Kocha wa uongozi anakuuliza maswali mpaka upate jibu lako mwenyewe. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, ila ajue saa hizi amevaa kofia ipi.

Chukua mfano wa Mvomero, wilaya ilipo Mzumbe. Migogoro ya wakulima na wafugaji imeisumbua kwa miaka mingi. Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni kazini, anapiga simu: ng'ombe wameingia kwenye mpunga, afanyeje?

Bosi aliyelelewa kwa amri atasema, "Waite, watoze faini, nipe ripoti." Tatizo la leo linaweza kuisha, lakini kijana amejifunza kupiga simu tu. Siku bosi hapatikani, kijiji kinakosa wa kuamua.

Aliyelelewa kwa maswali atauliza: "Umeshaongea na nani? Wazee wa pande zote mbili wanasemaje? Ukitoza faini leo, kesho watapita wapi na mifugo?" Inachukua muda zaidi, lakini kijana anajifunza kupima mambo.

Hata hivyo, maswali yana wakati wake. Kama watu wameshashika silaha, toa maelekezo: polisi waitwe sasa hivi. Mazungumzo ya kujifunza yafuate baadaye, hali ikitulia.

Mkapa na Mwalimu

Mfano mkubwa tunao. Benjamin Mkapa alimtambua Mwalimu Nyerere wazi kuwa mlezi wake. Akiwa chini ya Nyerere alikuwa mhariri wa gazeti la The Nationalist, na mwaka 1974 akawa mwandishi wake wa habari Ikulu.

Alipokuwa Rais, 1995 hadi 2005, Mkapa aliendeleza ubinafsishaji wa mashirika ya umma. Nyerere hakukubaliana na yote, na suala la Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) lilimkera. Mkapa aliendelea, na bado alimheshimu Mwalimu. Kumbe mlezi mzuri hakuachii majibu yake uyakariri. Anakuachia uwezo wa kuamua, hata kama utaamua tofauti naye.

Ufanye nini?

Kwanza, mkumbuke aliyekulea kazini. Andika jambo moja alilokufanyia likakukuza, na moja lililokudumaza. La kwanza libebe, la pili liache.

Pili, kijana akileta tatizo, muulize kwanza, "Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Usimkatize.

Tatu, akiamua tofauti na wewe na hakuna atakayeumia, mwache ajaribu. Baadaye kaeni muangalie kilichotokea.

Kijana unayemwongoza leo naye atakabidhiwa watu wake. Atakachowafanyia, sehemu yake kubwa atakuwa amekichukua kwako.