Diski yenye picha za watoto ikianza kugoma, usikimbilie kuifomati

Picha za mtoto akiwa na siku saba. Video ya harusi. Sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, akiwasimulia wajukuu hadithi. Katika nyumba nyingi siku hizi vitu hivyo havimo tena kwenye albamu ya sebuleni. Vimo kwenye diski ya nje iliyowekwa kabatini chini ya nguo, au kwenye kompyuta ya zamani ambayo watoto huchezea gemu.

Siku moja unaichomeka, kompyuta inachukua dakika tano kuitambua, folda zinafunguka nusu, kisha Windows inaleta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Mara nyingi wakati huo diski bado haijafa. Kinachoimaliza ni yale tunayoyafanya katika saa moja inayofuata: kuichomoa na kuichomeka mara kumi, kuwasha programu ya kuikarabati, au kumpa jirani "aijaribu kidogo."

Kataa ujumbe huo. Zima kompyuta, chomoa diski, iweke mezani mbali na watoto. Kisha soma taratibu.

Ndani ya diski za kawaida kuna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kinaelea kichwa cha kusomea, na pengo kati yake na sahani ni dogo kuliko unene wa unywele, tena kwa mbali sana. Habari zote zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Sekta chache zikiharibika, diski hung'ang'ania kuzisoma tena na tena, na kompyuta nayo haichoki kuomba. Ndiyo maana kunakili folda kwa njia ya kawaida hukwama kwenye picha ya tatu, huku picha elfu mbili zilizo nzima zikisubiri nyuma yake. Na kila dakika ya kung'ang'ania humchosha mgonjwa.

Programu ya kukarabati diski, ile ya chkdsk ambayo mafundi wengi huikimbilia, nayo si ya wakati huu. Kazi yake ni kuweka sawa mpangilio wa mafaili, na inaandika juu ya diski ileile inayougua. Picha zako kwake si kipaumbele.

Dawa ninayoiamini zaidi kwa hali hii ni programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Haina vitufe wala picha; unaandika amri kwenye dirisha jeusi. Hilo lisikutishe. Amri zenyewe ni mbili tatu, na kijana yeyote wa nyumbani anayesoma kompyuta chuoni ataziweza mkiwa mmekaa pamoja.

Akili yake iko hivi. Badala ya kung'ang'ania palipoharibika, ddrescue inaruka na kuendelea mbele, inachota kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi. Ikimaliza ndipo inarudi kwenye sehemu korofi, inazikaribia pande zote mbili, na mwisho inakwangua sekta moja moja. Wakati wote huo inaandika daftari dogo, yaani faili la ramani, linaloonyesha kipi kimepatikana na kipi bado. Umeme ukikatika saa nane usiku, kesho unaandika amri ileile na kazi inaendelea kuanzia pale ilipofika. Kwa nyumba zetu, daftari hilo ni jambo kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Mnavyofanya

Mnahitaji diski nyingine nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu. Ikiwa mbovu ni ya GB 500, tafuta ya TB 1. Isiwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, kwa sababu mtindo huo haukubali faili moja linalozidi GB 4. Pia mnahitaji flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Ddrescue tayari imo ndani. Anayetumia Ubuntu ataipata kwa jina la gddrescue.

Kwanza andikeni:

lsblk

Itaorodhesha diski zote na ukubwa wake. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote. Tambueni mbovu ni ipi kwa ukubwa wake, na mwandike jina lake kwenye karatasi. Tuseme ni sdb. Fungueni folda iliyo ndani ya diski nzima, kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sdb picha.img picha.map

Mpangilio huo una maana: kinachotajwa kwanza ndicho kinachosomwa, kinachofuata ndicho kinachoandikwa. Atakayegeuza akaandika juu ya diski mbovu hana pa kukata rufaa. Someni amri kwa sauti, mmoja akiandika na mwingine akiangalia karatasi, kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa diski ya GB 500 inayosoma MB 50 kwa sekunde, mzunguko huu ni takriban saa tatu. Diski iliyochoka sana inaweza kuchukua siku kadhaa. Iacheni ifanye kazi mahali penye hewa, si juu ya godoro. Ikiisha, endeleeni na sehemu korofi:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img picha.map

Namba 3 ni mizunguko ya kujaribu tena. Wapo wanaoandika 20. Mimi sioni faida ya kuitesa diski namna hiyo wakati asilimia 99 iko tayari mkononi.

Baada ya hapo diski mbovu ipumzike. Kazi yote sasa ni kwenye lile faili la picha.img, ambalo ni pacha wa diski nzima. Linaweza kufunguliwa kama diski, kwa kusoma tu. Mpangilio wa folda ukiwa umevurugika, kuna PhotoRec ya Christophe Grenier, nayo ni ya bure, inayotafuta picha na video kwa kutambua maumbile ya mafaili yenyewe. Itawarudishia picha bila majina yake ya awali wala folda zake, kwa hiyo mtakuwa na jioni kadhaa za kubishana nani alizaliwa kabla ya sikukuu ipi.

Isipofaa

Diski ikitoa sauti ya kugongagonga, au iliyoanguka kutoka mezani na sasa inakwaruza, msijaribu haya. Kichwa chake huenda kinachuna sahani, na kila mzunguko unafuta kumbukumbu. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo. Diski za SSD, ambazo hazina kinachozunguka, mara nyingi hufa zote kwa mpigo, na ikiwa haionekani hata kwenye lsblk, ddrescue haina cha kusoma.

Simu nazo ni habari nyingine. Kumbukumbu ya ndani ya simu za kisasa imefungwa kwa ufunguo wake, hivyo njia hii haifai. Kadi ya kumbukumbu unayoitoa kwenye simu au kamera inafaa kabisa, ilimradi haikuunganishwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya simu.

Kama mtaamua kumpelekea fundi, muulizeni kabla hajafungua kitu: "Utachukua nakala ya diski nzima kwanza, au utafanyia kazi diski hii hii?" Akijibu kwamba ataifomati kisha arudishe, mshukuruni kwa muda wake, chukueni diski yenu mwondoke nayo. Akitaja nakala, mwulizeni ataiweka wapi na nani mwingine ataiona, maana humo kuna picha za watoto wenu, na mkubaliane aifute mbele yenu siku mnayokwenda kuichukua.