Tezi Nne za Shingoni: Maradhi ya Figo na Ugumu wa Kuyaeleza kwa Kiswahili

Mgonjwa wa figo atokaye Githongo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hushuka hadi mjini Meru kusafishwa damu kwa mashine. Baada ya miaka kadhaa ya safari hizo huenda akaambiwa jambo la ajabu: kwamba sasa yampasa kupasuliwa shingo. Akiuliza sababu, atajibiwa kuwa ana “tezi”. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfai kitu. Neno “tezi” katika matumizi ya kila siku hubeba mzigo mkubwa mno: uvimbe wa kwapani au wa kinena huitwa tezi, vilevile kiungo cha wanaume kiletacho taabu ya mkojo uzeeni, na hata rovu, ule uvimbe wa shingo uliojulikana sana nyanda za juu kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto. Mgonjwa hujipapasa shingo, asione uvimbe wowote, akahitimisha kwamba daktari amekosea. Makala haya yanakusudia kueleza maradhi yenyewe kwa lugha ambayo mgonjwa huyo angeweza kuifuata.

Tuanze na majina. Mbele ya koo ipo tezi moja iitwayo dundumio. Nyuma yake, zikiwa zimeigandama, kuna tezi nyingine ndogo sana, kwa kawaida nne, kila moja sawa na punje ya dengu, au kamande kama wasemavyo masokoni kwetu. Uzito wa kila moja ni baina ya miligramu 30 na 50. Wataalamu huziita parathairoidi. Mimi katika makala haya nitaziita tezi-jirani, kwa sababu ujirani na dundumio ndio uhusiano pekee uliopo kati yao. Kazi zao ni mbalimbali kabisa. Historia ya kugunduliwa kwake ina kioja chake: wa kwanza kuziona alikuwa Richard Owen, naye hakuziona katika mwanadamu bali katika mzoga wa kifaru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London katikati ya karne ya 19. Kwa mwanadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Uppsala, Uswidi.

Kazi ya tezi-jirani ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikipungua, tezi hizo hutoa homoni yenye kupeleka amri mahali pawili. Mifupa huamriwa kutoa kalsiamu katika akiba yake. Figo nazo huamriwa mambo matatu: kuzuia kalsiamu isipotee kwa mkojo, kuitupa nje fosfati, na kuikamilisha vitamini D, ambayo bila kupita figoni haina nguvu ya kuliwezesha tumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Jambo hili la mwisho, yaani kwamba ni figo zinazoikamilisha vitamini hiyo, lilithibitishwa na Fraser na Kodicek mjini Cambridge mwaka 1970.

Msomaji ataona sasa hatari ilipo. Figo zikifa, amri hutolewa lakini hapana wa kuitekeleza. Fosfati hujaa damuni, vitamini D haikamiliki, kalsiamu hupungua. Tezi-jirani, zisizojua kuwa figo zimekufa, huongeza sauti. Zikiongeza na kuongeza kwa miaka, nazo hukua, kama misuli ya mtu apigaye jembe kila siku. Mfupa ndio pekee ubakio kuitikia, nao huitikia kwa kujibomoa.

Hali hii kwa istilahi za kigeni huitwa uzidifu “wa pili” wa tezi hizo. Tafsiri ya namna hiyo hainiridhishi. Mkenya akisikia “wa pili” huuliza wa kwanza ulikwisha lini. Akisikia “wa upili” hukumbuka shule. Maana iliyokusudiwa ni kwamba ugonjwa haukuanzia katika tezi, bali umefuatia ubovu wa kiungo kingine. Kwa hiyo napendekeza “uzidifu wa kufuatia”. Faida yake si ya kisarufi tu: jina hilo lenyewe humkumbusha mgonjwa kwamba kukatwa tezi hakuponyi figo. Na neno “figo” halihitaji kutetewa. Ni mzizi wa kale wa Kibantu, ambao Mgikuyu huutamka “higo”.

Madhara ya uzidifu huu huja polepole. Mifupa huuma, hasa ya kiuno, nyonga na miguu. Misuli ya mapaja hulegea hata mtu akashindwa kuinuka kitini pasipo kujishika. Ngozi huwasha usiku kucha, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya upele isiyomsaidia. Mfupa huweza kuvunjika kwa kujikwaa tu, na kano kukatika ghafla. Katika hali iliyozidi, mifupa ya taya na uso hufura hata sura ikabadilika. Upungufu wa damu nao hukataa kusikia dawa yake.

Lakini la kutisha zaidi halionekani kwa macho. Kalsiamu iliyotoka mfupani na fosfati iliyokosa njia ya kutoka hukutana na kuganda katika kuta za mishipa ya damu na katika vilango vya moyo. Mfupa ambao ungekuwa mgumu hulainika, na mshipa ambao ungekuwa laini hugeuka mfupa. Wagonjwa wengi wa figo hufa kwa moyo, na hii ni mojawapo ya sababu. Mara chache mishipa midogo ya ngozi huziba, ngozi ikaoza kwa vidonda vyenye maumivu makali. Wengi wapatwao na hali hiyo hawaimalizi miaka miwili.

Tiba huanzia jikoni. Maziwa ya Meru yana sifa yake, lakini fosfati ya maziwa, ya nyama, na hasa ile itiwayo viwandani katika soda nyeusi na nyama za kopo, hufyonzwa kwa wepesi kuliko ile ya maharagwe na mahindi. Kwa hiyo kumnyima mgonjwa githeri na kumwachia soda ni kinyume cha mambo, ingawa maharagwe yana potasiamu nayo haina budi kupimwa. Kisha kuna vidonge vya kalsiamu, ambavyo hushika fosfati tumboni. Hivi humezwa pamoja na chakula. Vikimezwa kabla ya kulala havishiki kitu. Zamani vilitumika vidonge vya alumini, mpaka ilipogunduliwa katika miaka ya 1970 kwamba alumini huharibu ubongo na mifupa ya wagonjwa hao.

Mashine nayo ina mpaka wake. Kipindi kimoja cha saa nne huondoa fosfati isiyofika gramu moja au iliyokaribia hapo, ilhali tumbo hufyonza gramu nne hivi au zaidi kwa wiki. Nchini Kenya Bima ya Taifa ya Afya ililipia kwa miaka mingi vipindi viwili kwa wiki, hadi mahali pake paliposhikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi Oktoba 2024. Hesabu haihitaji mwalimu: salio hubaki mwilini.

Ziko pia dawa za kuzituliza tezi zenyewe: vitamini D iliyokwisha kamilishwa, na sinakalseti, iliyoanza kutumika mwaka 2004, ambayo huzidanganya tezi zidhani kalsiamu ni tele. Bei ya hii ya pili ni mzigo kwa mkulima wa majani ya chai. Tena tezi zilizokwisha kuota vinundu ndani yake hazisikii dawa yoyote. Hapo ndipo hutajwa kisu.

Upasuaji wa kwanza wa tezi-jirani ulifanywa na Felix Mandl mjini Vienna mwaka 1925, kwa mgonjwa ambaye figo hazikuwa chanzo cha maradhi yake. Kwa wagonjwa wa figo, Stanbury na wenzake wa Manchester walitoa habari ya upasuaji wao mwaka 1960, mwaka uleule ambao Scribner wa Seattle aliwezesha watu kuishi kwa mashine miaka mingi. Njia ni tatu. Mpasuaji aweza kuondoa tezi tatu na nusu, akaacha kipande kinacholingana na tezi moja yenye afya. Aweza kuziondoa zote nne, kisha akapandikiza vipande vidogo katika misuli ya kigasha, njia iliyoenezwa na Samuel Wells kuanzia mwaka 1975. Au aziondoe zote asipandikize kitu. Njia hii haimfai anayetarajia kupewa figo. Ugumu wa kazi ni kuzipata: watu wengine wana tezi ya tano, na nyingine hujificha kifuani. Karibu nazo hupita neva ya zoloto, ambayo ikiguswa sauti hukwaruza.

Baada ya kupasuliwa, mifupa iliyoshinda na njaa miaka mingi huivamia kalsiamu ya damu kwa pupa. Midomo na ncha za vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, na moyo waweza kusimama. Kwa sababu hiyo kalsiamu hupimwa mara kadhaa kwa siku na kutiwa mshipani, kisha mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vingi vya kumeza kwa wiki au miezi. Ganzi ya midomo akiwa Githongo ni dalili ya kwenda hospitali usiku huohuo, asingoje siku ya mashine.

Kwa aliyepandikizwa kigashani, kipande huwekwa katika mkono usiounganishwa na mashine. Kikikua kupita kiasi, hupunguzwa kwa ganzi ya mahali tu, shingo isiguswe tena. Yafaa basi kadi ya mgonjwa iandikwe ni mkono upi, na upande upi wa mkono huo, kwa maana daktari atakayekitafuta miaka kumi baadaye huenda asiwe yule aliyekipanda.