Biashara ndogo na mpango wake (Sehemu ya Tatu): Umatengo ulipanga kabla ya benki

Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66. Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ikapanda hadi kupita dola 4 kwa ratili, kiwango kisichowahi kufikiwa. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka uliofuata. Fedha zinapita Mbinga na Nyasa kuliko zamani. Kinachonikosesha usingizi ni kama zitakaa.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitenganisha mtaji na faida, tukaona kwa nini biashara inaweza kuuza sana na bado ikafa kwa kukosa fedha mkononi. Leo naingia kwenye mpango wenyewe, na nianze na karaha yangu. Nimeona maandiko ya miradi yaliyochapwa kwenye duka la steshenari, kikundi kimebadilisha jina la juu tu, ndani kuku ni walewale, idadi ileile, faida ileile, kama vile kuku wa mtu wa Kigonsera wanakula chakula cha bei moja na kuku wa Lituhi. Andiko la namna hiyo linamfumba macho mwombaji mwenyewe kuliko linavyomfumba afisa wa mikopo.

Wapo wanaosema mpango ni mambo ya wasomi wa mjini. Hao nawapeleka mlimani.

Wamatengo wa Mbinga walisukumwa kwenye milima yao mikali na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19. Walijikuta wengi, kwenye ardhi ndogo, yenye mwinuko ambao mvua ya msimu mmoja ingetosha kuufagia udongo wote hadi mtoni. Jibu lao likawa ngoro. Mvua zinapoelekea kwisha, mwezi Machi hivi, wanaume hufyeka majani, yanaachwa yakauke, kisha hupangwa chini kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima unakuwa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta, na juu ya matuta hupandwa maharage. Msimu wa mvua unaofuata magugu na tope husafishwa na kutupwa shimoni, matuta yanapandwa mahindi. Majani yanaoza na kuwa mbolea, shimo linakamata maji, udongo haushuki.

Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati serikali ya kikoloni ikihangaika kuwalazimisha wakulima wa kwingine kuzuia mmomonyoko wa udongo. Umatengo haukuwa umengoja amri. Tazama yaliyomo ndani ya ngoro: mzunguko unaojulikana mwanzo na mwisho, mgawanyo wa kazi, zao la haraka linalotangulia zao la kujaza ghala, na akiba inayofukiwa leo kwa ajili ya shina la mwakani. Huo ni mpango wa biashara uliokamilika, umeandikwa kwa jembe. Yalikuwapo pia mabaraza ya sengu, ambako wazee walikula pamoja, wakaamua migogoro na mambo ya ukoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipofanya kazi Kindimba pamoja na Wajapani kuanzia mwaka 1999, waliirejea sengu hiyohiyo kama msingi wa kamati ya maendeleo ya kijiji. Walifanya vyema.

Basi nini kilitupata hata tukaacha kupanga? Jibu langu liko kwenye historia ya ushirika, na naomba msomaji anivumilie hapa. Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilianza mwaka 1936 kwa tumbaku. Kahawa nayo ilipokuwa zao la milimani, ushirika uliibeba hadi kufikia Chama Kikuu cha Mbinga, MBICU. Ushirika ulimkopesha mkulima mbolea na dawa, ukamkata kwenye mauzo, na malipo yalikuja kwa awamu. Mkulima alinung'unikia kucheleweshwa, na mara nyingi alikuwa na haki. Lakini kucheleweshwa huko kulimpangia mwaka: pembejeo zilikuwa zimeshatengwa kabla fedha haijagusa mfuko wake, na malipo ya mwisho yalimkuta wakati mengine yameisha. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaja na fedha taslimu, zote kwa mkupuo mmoja. Katikati ya muongo huo MBICU ikaanguka. Ilipoanguka, mpango wa mwaka wa maelfu ya kaya ulianguka nayo, maana chama ndicho kilichokuwa kikipanga, na mwanachama hakufundishwa kupanga mwenyewe. Hilo ndilo kosa kubwa la ushirika wetu, kubwa kuliko wizi wote tunaousimulia.

Pengo lile likazaa magoma. Mkulima anayeishiwa Februari anauza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya shida, kwa mtu atakayekuja kuivuna yeye. Serikali inakataza, na inafanya haki kukataza. Lakini katazo halimpi mtu karo ya mtoto mwezi Januari. Karo ya Januari inatengwa Agosti, fedha za kahawa zikiwa mkononi, kabla ya baa na kabla ya pikipiki ya pili. Nasema hivi bila kuomba radhi: nyumba inayokunywa msimu mzima na kuuza magoma kila mwaka haina umaskini wa ardhi, ina umaskini wa nidhamu.

Sasa tushuke Ziwa Nyasa, kwa hesabu ya mfano. Mama ananunua Liuli magunia 10 ya dagaa kwa shilingi 60,000 kila moja, anauza Mbinga kwa 80,000. Kichwani mwake faida ni 200,000. Tuandike. Dagaa 600,000, gari 50,000, ushuru 10,000, chakula na malazi 35,000: jumla 695,000. Gunia moja limelowa mvua, limeoza. Tisa yameuzwa kwa 720,000. Faida ni 25,000. Akitoa 100,000 za karo akiamini anakula faida, amekula mtaji 75,000, na safari ijayo atanunua pungufu au atakopa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa imepotea huku mwenyewe akishukuru Mungu kwa soko zuri.

Mpango wa mama huyu unaenea kwenye kurasa mbili za daftari. Ukurasa wa kwanza ni kalenda. Usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo wakati wa mbalamwezi mzigo ni haba na bei iko juu. Mvua za Novemba hadi Aprili huharibu uanikaji. Wateja wa Mbinga wana fedha kuanzia Julai kahawa inapouzwa, na Februari hawana. Akijua hayo atanunua giza linapokuwa nene, atanunua turubai kabla ya Novemba, na hatakopesha dagaa mwezi ambao hakuna wa kulipa. Ukurasa wa pili una safu nne: iliyoingia, iliyotoka, iliyokwenda nyumbani, na akiba ya mzigo kuharibika. Fedha za nyumbani ziandikwe kama mshahara wake, kiasi kisichobadilika kwa mihemko. Kila mwisho wa mwezi alichokadiria kilinganishwe na kilichotokea, na tofauti itafutiwe sababu.

Lami na bandari inayojengwa Mbamba Bay zitaleta wanunuzi wakubwa wenye hesabu zao tayari. Mfanyabiashara mdogo asiyejua gharama ya gunia lake atapangiwa bei na wao. Kabla ya kujaza fomu yoyote ya mkopo, kikundi kikae kwenye sengu yake, wanawake wakiwemo kwa sauti kamili maana ndio wanaofukia ngoro, na kijaze kurasa hizo kwa takwimu zake chenyewe za miezi mitatu iliyopita. Kama takwimu hazipo, mkopo usubiri miezi mitatu ziandikwe.

Sehemu ijayo: jinsi ya kupanga bei bila kumwiga jirani.